Mvua ya Juu: Kisa cha Vijana Waliokwama Ng'ambo ya Kijito

Kisa hiki ni cha kweli. Majina ya watu, kijiji, usharika na maporomoko tuliyokwenda kuyaona nimeyaondoa, pamoja na mambo machache ambayo yangemtambulisha mtu. Waliokuwepo wamenipa ruhusa kukiandika. Mimi nilikuwa katibu wa safari hiyo ya vijana wa usharika, kwa hiyo sehemu ya makosa yatakayosomwa hapa ni yangu.

Nakiandika kwa ajili ya walimu, viongozi wa kwaya, vikundi vya vijana na familia za Moshi na Arusha wanaopanga matembezi ya siku moja milimani. Safari kama hizi huwa hatuzihesabu kuwa safari. Anayepanda Kilimanjaro hukaguliwa getini, huwa na waongozaji na wapagazi, na vifaa vyake huangaliwa kimoja kimoja. Anayekwenda kuona maporomoko saa mbili kutoka mjini hubeba pilau na spika.

Mazingira ya safari

Ilikuwa Jumamosi ya katikati ya Aprili, masika yakiwa yamekolea. Tulikuwa watu 27: vijana 18 wenye umri wa miaka 16 hadi 24, watoto watatu, na watu wazima sita. Katika hao sita walikuwemo mwalimu aliyekuwa kiongozi wetu, muuguzi mmoja, mama aliyesimamia chakula, dereva wa Coaster tuliyoikodi, kijana wa kijijini aliyetuongoza njia, na mimi.

Njia yenyewe si ngumu. Gari huishia karibu na shule ya msingi, kisha mnashuka kwa miguu katikati ya vihamba vya migomba na kahawa hadi bondeni. Kabla ya kufika kwenye maporomoko mnavuka kijito kimoja kwa kukanyaga mawe. Siku ile maji yalifika kwenye kifundo cha mguu. Watoto walivuka wakicheka.

Ni lazima nieleze jinsi mvua ya upande huu inavyofanya kazi, maana kisa chote kimeegemea hapo. Upepo wenye unyevu unaotoka Bahari ya Hindi hukutana na mlima, hulazimika kupanda, hupoa, na unyevu wake hugeuka mvua. Kwa hiyo mvua nyingi hunyesha kwenye ukanda wa msitu, karibu na mita 2,000 hivi, wala si mjini. Kwa mwaka, msitu wa upande wa kusini wa Kilimanjaro hupata zaidi ya mara mbili ya mvua inayopata Moshi mjini. Mtu anaweza kusimama bondeni jua likimchoma mgongoni huku kilomita chache juu yake dhoruba inamwaga maji, na maji hayo yana njia moja tu ya kushukia, nayo ndiyo aliyosimama.

Yaliyotokea, kwa mfuatano

Ratiba ilisema tuondoke Moshi saa 1:30 asubuhi, tuanze kutembea saa 3, na saa 7 mchana tuwe tumeshaanza kurudi. Tuliondoka saa 3:40. Wawili walichelewa, pilau halikuwa limeiva, na dereva akasimama kujaza mafuta. Tulianza kutembea saa 5 na kufika kwenye maporomoko karibu saa 7, saa ileile tuliyopanga kuwa njiani kurudi. Hakuna aliyesema, "Basi leo tusile huku." Chakula kilikuwa kimebebwa kichwani hadi chini, na vijana walikuwa wamechanga hela zao.

Saa 8:20 nilisikia ngurumo. Ilikuwa mbali, kama gari linalopita juu ya daraja la mbao. Nilitazama juu, nikaona anga la bluu juu ya vichwa vyetu na weusi uliotanda upande wa msitu. Wakati huo mwalimu alikuwa anazungumza na vijana, mazungumzo mazuri kuhusu masomo na kazi. Niliona vibaya kumkatiza. Nilisubiri amalize. Dakika thelathini zikapita hivyo.

Saa 8:50 tulianza kufungasha. Tulipofika kwenye kijito, kama saa 9:30, maji yalikuwa yamefika katikati ya muundi na yamebadilika rangi kuwa kama chai ya maziwa. Yalibeba majani mabichi na vijiti. Hapo tulipo ndipo matone ya kwanza yalikuwa yanaanza kudondoka.

Mwalimu alikuwa mbele na hakusita. Alimbeba mtoto mmoja mgongoni, akamshika wa pili mkono, akavuka, na vijana wakamfuata. Watu 11 walivuka ndani ya dakika chache, na wa mwisho wao walikuwa tayari wanavuta miguu kwa nguvu dhidi ya maji yaliyofika gotini. Mwongozaji wetu, kijana ambaye hata miaka 20 hajafika, alisimama mbele ya waliobaki, akanyoosha mikono pembeni na kusema kwa sauti, "Hapana. Basi. Msikilizeni mto." Tulinyamaza. Chini ya kelele za maji kulikuwa na sauti nyingine nzito, ya mawe yanayogongana yakiburuzwa chini.

Hapo ndipo mmoja wa vijana waliokwisha kuvuka, mwenye nguvu na anayependwa na wote, aliporudi upande wetu kulichukua sufuria kubwa la kukodi. Alilifikia. Alipogeuka na kuingia tena majini nalo begani, hatua ya tatu ilimshinda. Maji yalimbeba kama hatua ishirini hadi kwenye mizizi ya mti, upande wetu, tukamvuta kwa kanga mbili zilizofungwa pamoja. Kifundo cha mkono wake kilikuwa kimevunjika. Sufuria halikuonekana tena.

Dakika kumi baadaye mawe tuliyovukia asubuhi yalikuwa yamezama kabisa. Ng'ambo walikuwa 10. Huku tulikuwa 16.

Maamuzi yaliyofanyika, na sababu zake

Upande wetu, wazo la kwanza la wengi lilikuwa kusubiri palepale, kwa matumaini kwamba maji yangepungua baada ya saa moja. Muuguzi na mwongozaji walikataa, kila mmoja kwa sababu yake. Muuguzi aliona mavazi: fulana za pamba, zimelowa, na upepo umeanza. Mwongozaji aliona radi. Vijana sita walikuwa wamejibanza chini ya mringaringa mrefu uliosimama peke yake ukingoni. Aliwaondoa kwa kuwavuta mikono.

Nilianza kuhesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo. Sauti husafiri kilomita moja kwa takriban sekunde tatu. Nilipata kumi na mbili, kisha tisa, kisha sita. Dhoruba ilikuwa kilomita mbili na inakuja. Tulipanda kwa kuachiana nafasi ya hatua kadhaa kati ya mtu na mtu, ili radi ikipiga isiwaangushe wote kwa pamoja na abaki wa kumsaidia mwenzake. Tulielekea kwenye nyumba ya mzee mmoja ambaye mwongozaji humwita babu.

"Shikamoo, babu. Nina wageni, wamelowa."

"Marahaba. Ni wangapi?"

"Kumi na sita."

Mzee hakuuliza swali jingine. Alifungua jiko, akatoa magogo.

Ndani ya jiko ndipo muuguzi alipomwona kijana wa miaka 16, mwembamba, ambaye alisimama majini muda mrefu wakati wa kumvuta mwenzake. Alikuwa ametetemeka njia nzima, na sasa ameacha. Wengine walidhani amepata nafuu. Muuguzi alimuuliza jina la mama yake, naye akajibu taratibu, ulimi mzito kama wa mlevi. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35 mtu yuko hatarini, na likizidi kushuka mtetemeko unaweza kukoma kwa sababu mwili umeishiwa nguvu ya kujipasha. Hali hii haihitaji barafu. Mvua, upepo na nguo iliyolowa vinatosha hata kukiwa na nyuzi 12 au 15.

Alimvua nguo zote zilizolowa, akamfuta bila kumsugua, akamfunika blanketi la mzee kichwa mpaka miguu na kuwaweka vijana wawili wakavu wamkumbatie ubavuni. Hakumsogeza karibu na moto. Alipoweza kumeza vizuri, akapewa chai ya sukari nyingi, funda kwa funda. Mtu mmoja alipendekeza mbege, pombe ya ndizi, kidogo ili apate joto, na muuguzi akakataa kwa ukali, kwa sababu kileo hupanua mishipa ya ngozi na kulitoa nje joto lililobaki. Baada ya saa moja hivi kijana alianza kutetemeka tena, nasi tukajua amerudi.

Jioni mzee alishuka na mwongozaji hadi sehemu salama juu ya ukingo, akachomeka kijiti pale maji yalipofikia. Saa 1 usiku kijiti kilikuwa kimezama. Akasema hakuna wa kuvuka usiku, tutalala. Tukalala kwake na kwa majirani wawili.

Ng'ambo mambo yalikuwa mengine. Kabla hata mvua haijafika, dereva alikuwa amelitoa gari kwenye kivuli kilichoko chini kidogo kando ya mfereji na kuliegesha juu, uwanja wa shule. Mwalimu alipofika na watu wake alitaka waondoke mara moja, wawafikishe watoto nyumbani na kutafuta msaada. Lakini barabara ya kurudi ina drifti, yaani kivuko cha zege ambacho maji hupita juu yake, na maji yalikuwa yanapita juu yake. Mwalimu alimsihi, vijana wakamsukuma kwa maneno. Dereva alizima gari na kutia ufunguo mfukoni. Aliwakumbusha gari la wanafunzi lililosombwa na maji Arusha mwezi Aprili 2024. "Mwalimu, nakuheshimu, lakini gari ni langu mimi mpaka tufike." Walikaa darasani. Saa 4 usiku, baada ya zege la drifti kuonekana lote kutoka ukingo hadi ukingo, ndipo alipovuka.

Matokeo

Wote 27 walifika nyumbani, kumi na mmoja, dereva akiwemo, Jumamosi usiku, kumi na sita Jumapili saa 4 asubuhi. Asubuhi hiyo kijito kilikuwa kimerudi kwenye kifundo cha mguu, kana kwamba hakuna kilichotokea. Kijana mmoja alifungwa plasta mkono kwa wiki sita. Yule aliyepoa hakupata madhara zaidi. Zilipotea simu mbili na sufuria, ambalo tulililipia.

Uchambuzi

Nimesikia watu wakisema tuliponzwa na uamuzi wa pale mtoni. Sikubaliani. Kufika mtoni saa 9:30 kulitokana na saa 3:40 ya asubuhi. Masika, dhoruba za mlimani mara nyingi hujengeka mchana baada ya jua kupasha miteremko, na ndiyo maana ratiba iliweka saa 7 kuwa saa ya kurudi. Tulipochelewa kuondoka tulisogeza kila kitu mbele kwa saa mbili, isipokuwa dhoruba. Ratiba ilikuwa na saa ya kuondoka, saa ya kula na saa ya kurudi, lakini haikusema kipi kitakatwa tukichelewa. Ilipaswa kusema. Siku ile cha kukata kilikuwa safari ya bondeni yenyewe. Tungeweza kula uwanjani pa shule na kurudi.

Utabiri tulikuwa nao. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetaja mvua na ngurumo za radi kwa baadhi ya maeneo ya Nyanda za Juu Kaskazini Mashariki, yaani Arusha, Kilimanjaro na Manyara. Niliusoma mwenyewe Ijumaa usiku na nikaujibu moyoni, "Masika ndivyo yalivyo." Utabiri wa mkoa haukuambii mvua itashukia bonde lipi, na mimi niliuchukua udhaifu huo kuwa ruhusa. Nilipaswa kuuchukua kuwa sababu ya kuwa macho saa zote.

Kisha kuna zile dakika thelathini. Ukisikia ngurumo, tayari uko ndani ya umbali ambao radi inaweza kukufikia, hata kama juu yako ni kweupe. Na kwa mtu aliye bondeni chini ya mlima, ngurumo ya upande wa juu ni habari ya maji pia. Nilivijua vyote viwili. Kilichonifunga mdomo ni heshima. Katika vikundi vyetu mtu mdogo au msaidizi hamkatizi mkubwa anapozungumza, na ni jambo jema linalotulea vizuri nyumbani. Lakini kama hatukukubaliana mapema kwamba kuna mtu mmoja mwenye ruhusa ya kumkatiza yeyote kwa sababu ya hali ya hewa, adabu yetu wenyewe itatuchelewesha. Mwalimu aliniambia baadaye, kwa uchungu, kwamba angesimama palepale kama ningemwambia. Namwamini.

Kuhusu kuvuka, mwalimu aliongozwa na upendo kwa watoto, na siwezi kumlaumu moyo wake. Hata hivyo, dalili zilikuwa wazi: rangi imebadilika, majani mabichi yanaelea, na sauti ya mawe. Maji yanayokwenda kasi hayahitaji kufika kiunoni. Sentimita 15 zinaweza kumtoa mtu mzima kwenye miguu yake, sentimita 30 zinasogeza gari dogo, na 60 zinabeba magari mengi, yakiwemo makubwa. Dhoruba ya namna ile aghalabu hupita ndani ya saa chache, na maji ya kijito kifupi cha mlimani nayo hushuka mapema. Subira ina gharama ndogo mno ukiilinganisha na kuvuka. Isitoshe, kuvuka nusu kuligawa kundi: muuguzi huku, kiongozi na gari kule, na hakuna njia ya kusemezana isipokuwa kupunga mikono.

Kijana wa sufuria nimemfikiria sana. Jumapili iliyofuata kanisani alisimamishwa na kupigiwa makofi kwa ushujaa. Ni kijana mwema, alitaka kumwepushia mama wa chakula deni. Lakini vijana wengine 17 walikuwa wanatazama, na walichojifunza kwenye makofi yale ndicho kinachonitia hofu. Nilikwenda kwao, nikazungumza naye na wazazi wake kwa upole. Aliniambia hakufikiria kabisa: alisikia tu mama analalamika, "Jamani, sufuria la watu!" Basi nasema hapa kwa viongozi: mtangazieni kila mtu kabla ya safari kwamba kitu chochote kilichobaki ng'ambo kimeshasamehewa na kundi.

Mawasiliano yalituangusha kuliko nilivyotarajia. Bondeni mtandao haukusoma, na kwa mzee ulisoma mahali pamoja tu, nyuma ya zizi. Simu zetu nyingi zilikuwa zimezima kwa sababu ya picha na muziki. Mjukuu wa mzee alikuwa na simu ndogo ya kitochi yenye chaji na salio. Tukaipokea kwa furaha, kisha tukatazamana: hakuna aliyekumbuka namba. Zote zilikuwa ndani ya simu zilizozima. Muuguzi pekee alikumbuka ya mumewe. Alimpigia saa 2 usiku, akamweleza haraka, simu ikakatika. Mume, mtu mwaminifu, aliwaambia wazazi alichosikia: kwamba wamekwama na wengi wako salama. Neno "wengi" lilizunguka kwenye makundi ya WhatsApp kwa saa mbili. Mama mmoja alizimia. Mume huyo hakuwa na orodha ya majina mkononi ambayo angeisoma, na hatukuwa tumempa yeyote mjini.

Tulichobeba kinasema mengi pia. Tulikuwa na kreti mbili za soda, spika, miavuli saba na tochi moja. Mwavuli milimani hauna kazi ukivuma upepo. Ambacho kingetusaidia ni cha bei ndogo: koti la nailoni kwa kila mtu, sweta moja kavu, turubai, filimbi, na ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kukaza. Ndoo hiyo ndiyo sanduku bora la kuzuia maji ninalolijua. Ingetunza blanketi mbili, kiberiti, simu moja iliyozimwa kwa makusudi na karatasi ya namba.

Kilichotuokoa hakikuwa chetu. Ni kijana wa kijijini aliyethubutu kutuzuia, dereva aliyekubali kuudhi watu, muuguzi aliyejua kwamba kuacha kutetemeka si kupona, na mzee aliyefungua jiko lake.

Tuliyobadilisha

Sasa orodha ya majina na namba za wazazi huachwa na mtu mmoja mjini, na ndiye pekee anayetoa habari. Anajua pia saa ya kuanza kupiga simu akiona kimya, na kwamba 114 ni namba ya Zimamoto na Uokoaji. Masika hatushuki mabondeni kabisa. Miezi mingine ikifika saa 4 asubuhi hatujaanza kutembea, tunabaki kwenye gari linapoishia. Baada ya ngurumo ya mwisho tunahesabu nusu saa kabla ya kutoka tulipojikinga. Na kila safari ina mtu mmoja anayevaa filimbi shingoni. Huyo si lazima awe mkubwa.

Safari iliyofuata tuliifanya mwishoni mwa Oktoba, vuli zikikaribia. Aliyevaa filimbi alikuwa binti wa miaka 17. Saa 6 mchana wingu lilianza kujikusanya juu ya msitu, jeusi chini, na kwa mbali likanguruma mara moja. Mwalimu alikuwa ndio kwanza amesimama kuzungumza. Binti akapuliza filimbi. Mwalimu akafunga Biblia katikati ya sentensi, tukafunga masufuria bila kupakua, tukapanda. Pilau tulilila saa 8 shuleni, limepoa. Mvua haikunyesha siku ile. Kabla ya kuingia kwenye gari mwalimu alimwita yule binti mbele ya wote, akamshukuru, na akamwomba aivae filimbi safari ijayo pia.